Mabeseni Saba ya Bibi

Haya, nikutegee. Kuna mgeni ukimwita kwa adabu haji, ukimbembeleza haji, ukimlilia ndiyo kwanza anajifunika shuka. Utamleta kwa njia gani? Usinipe mji bado. Kibebe hivyo hivyo kitendawili chako, twende.

Asubuhi hiyo ngazi ndefu ya mbao ilipandishwa hadi ghorofa ya juu kabisa, ikigonga kuta kila kona. Vibarua wawili ndio walioibeba, na nyuma yao mkaguzi wa ofisi ya nyumba, faili kwapani. Fundi cherehani akaiacha suruali ya mteja chini ya sindano, akatoka mlangoni na kanga yake begani. Ngazi ikampita, ikasimama mlango wa pili. Kwa Bibi.

"Hongera, mwenzetu!" Huyo alikuwa jirani wa mlango wa kwanza, waliyemwita Redio kwa kuwa habari haikumlalia tumboni. "Vyumba viwili hivyo vinakuja. Pazia utaweka la rangi gani?"

Masikio ya fundi yakawaka moto. Jengo lile lilikuwa la serikali, kodi yake ya ruzuku, na foleni ya kupata nafasi kubwa ilikuwa haisogei. Yeye na watoto wanne walibanana chumba kimoja, wamepangana kama sahani kabatini. Bibi, roho moja, vyumba viwili, na posho ya wazee juu yake! Wiki iliyopita fundi alishindwa kujizuia, akamtolea uvivu pale bombani, jengo zima likisikia.

"Bibi, hicho chumba cha pili unafugia nini? Upepo?"

Bibi alicheka tu. "Ungejua ninachofuga, mwanangu, usingekitaka."

Tangu hapo hawakusalimiana. Zamani walipatana, hata Bibi alikuwa haishi kuja kuomba ukurasa kwenye daftari la vipimo, aandike barua zake. Fundi alidhani ana ndugu wengi.

Mkaguzi alisafisha koo, akafungua karatasi iliyokunjwa mara nne.

"Tumepata barua juzi, haina jina. Inasema: 'Bibi huyu ni tajiri aliyejificha. Anafanya biashara ya dobi humo ndani, mabeseni saba mtayakuta. Mali nyingine ameificha juu ya dari, chumba cha pili. Msije mikono mitupu, njooni na ngazi.'" Akainua karatasi kwenye mwanga. Wino ulikuwa umechuruzika mahali patatu. "Mnaona? Aliyeandika alikuwa analia. Mtu mwenye uchungu na mali ya umma."

Macho yote kwa fundi cherehani.

Hakuiandika. Lakini Mungu anamjua, kichwani alishaiandika mara nyingi, miguu ikikanyaga cherehani.

"Huyu akitolewa leo," mkaguzi akauliza, "nani anafuata kwenye foleni?"

"Mimi," fundi akasema, sauti ikamtoka kama uzi.

"Basi ongea. Wewe na yeye mnatenganishwa na ukuta tu. Ni kweli au si kweli?"

Mlango wa Bibi ulikuwa umefunguka. Bibi mwenyewe alisimama pale na gauni lake la kutokea, taulo imekunjwa mkononi, na nyuma yake mezani vikombe vitatu vimefunikwa. Mwanamke anayefukuzwa, na bado kaandaa chai! Neno moja tu, na watoto wa fundi wangenyoosha miguu.

"Si kweli," akasema. "Mimi nimemtupia maneno, na ninyi nyote mlisikia. Lakini Bibi si mwizi. Mkimtoa kwa barua isiyo na jina, humo ndani mimi sihamii. Mpeni Redio."

Redio akarudi mlangoni kwake.

"Karibuni, baba zangu," Bibi akasema. "Viatu msivue, sakafu ina baridi."

Chumba cha pili hakikuwa na kitanda wala kiti. Kilikuwa na mabeseni. Mkaguzi akayahesabu kwa kidole, saba kamili, yote yana maji. "Ushahidi huo!" akasema, akaenda kusimama katikati. "Simamisheni ngazi. Fungueni hapa juu yangu."

Kibarua akasukuma ubao mmoja wa dari. Ubao haukusubiri kusukumwa mara ya pili. Ulishuka na kila kilichokuwa juu yake: maji, tope, na kipande cha bati kilichooza kama jani. Faili likaoga. Mkaguzi akaoga. Kisha, kwenye beseni la karibu: to... to... to...

"Bibi," mkaguzi akasema akifuta miwani, "paa limefika hapa, na wewe umekaa kimya?"

"Ofisi yenu ina kazi nyingi, baba," Bibi akajibu, akampa taulo.

Sasa kanuni zao zinasema dari iliyofunguliwa na mkaguzi hufungwa na ofisi, siku hiyo hiyo. Kufika alasiri bati jipya lilikuwa limepigiliwa, mbao mpya zimekaa, chai imenywewa, na ngazi inateremka ikigonga kuta zile zile.

Fundi akabaki kusaidia kukusanya mabeseni.

"Hiki sasa ni chumba cha binadamu," Bibi akasema. "Wale wakubwa wawili walete magodoro yao. Mimi mwili wangu huu, chumba kimoja kinanitosha."

Fundi akajifuta macho kwa kanga. Lakini koridoni aliwasikia majirani bado wananong'ona, na jina lilikuwa lake.

"Bibi, nakuapia, si mimi. Sasa ni nani aliyeandika maneno yale?"

Bibi akalipachika beseni la saba juu ya mengine sita.

"Barua kumi na moja nimewapelekea kwamba paa linavuja, hakuja hata paka," akasema. "Ya kumi na mbili nikawaambia kwamba mimi ni mwizi."