Tumbo la Nyota

"Wamekataa tena, Mwalimu," Nasike alisema, macho yake yakiwa kwenye barua pepe iliyokuwa ikimpongeza.

Mwalimu Hiram Gathii alipapasa ukingo wa meza, kisha akaweka kikombe chini. Kisukari kilikuwa kimemla macho yote mawili, mwaka wa tatu sasa. "Wanasemaje?"

"Ati hesabu ni za kizamani. Ati mwandishi apumzike, aachie vijana."

Hayo ya kupumzika aliyaongeza mwenyewe, bila sababu. Yalimtoka tu, na alipoona mzee anavyokunja midomo, akasikia raha fulani iliyomshangaza kidogo.

"Soma tena."

Akasoma tena. Mara hii hesabu zikawa "dhaifu" na ya kupumzika akayasahau kabisa. Mzee aliuelekeza uso dirishani, kulikotoka vumbi la mahindi yaliyoanikwa uwanjani. Kisha akasema, "Haya basi. Tuanze kazi nyingine."

Barua yenyewe ilimwendea Nasike Walubengo, mwandishi pekee. Makala ya mzee yalikuwa yamekubaliwa na jarida bila kuguswa.

Kwa miaka thelathini Gathii alifundisha fizikia chuo kikuu, na moyo wake ulikuwa kwenye nyota zinazotetemeka. Nyota hutetemeka kama kengele iliyogongwa, mwanga wake ukipanda na kushuka kidogo mno hata jicho zima halioni; satelaiti ndiyo huona. "Tumbo la nyota hakuna atakayelipasua," alipenda kumwambia Nasike. "Unasikiliza mtetemo wake tu, na utajua kilichomo ndani."

Takwimu za satelaiti zilikuwa wazi kwa kila mtu mwenye intaneti. Kichwa cha Gathii ndicho ambacho wengine hawakuwa nacho. Nasike alimsomea tarakimu, naye akamwambia: mtetemo huu unatoka kwenye ngozi ya nyota, ule unatoka moyoni. Kila Jumamosi alikuja Kitale kutoka Bungoma na ndizi za kwao Bokoli, akampikia ugali na sukuma, akamfulia mashati. Majirani walimsifu. "Mungu amekupa mtoto, Mwalimu."

"Amenipa kweli," mzee alijibu.

Makala yale yalimpa Nasike kazi ya kufundisha katika chuo kimoja cha Bungoma. Ikabaki shahada ya uzamivu, na mzee alikuwa tayari ameanza kuitamka kazi mpya: habari za nyota moja kubwa nyekundu, kuukuu, ambayo moyo wake unazunguka kwa kasi mara kumi kuliko ngozi yake.

Kazi hii haikuwa kama ile ya kwanza. Zamani mzee alikuwa akikwama, akirudi nyuma, akigombana na nafsi yake. Sasa maneno yalimiminika, kurasa nne au tano kila Jumamosi, bila kusita.

"Andika ninavyosema," alimwambia. "Usibadilishe hata nukta."

Nasike hakubadilisha. Alilinganisha tarakimu na za satelaiti, zikalingana hadi ya mwisho. Baada ya miezi minane alikuwa na tasnifu nzima. Akaweka jina lake juu.

"Hii nayo tutaipeleka wapi?" mzee aliuliza siku moja.

"Bado tunaisafisha, Mwalimu."

"Sawa. Hakuna haraka, bana."

Wiki ya kuitetea tasnifu, Nasike alimpigia simu kumwambia kwamba Jumamosi hatafika. Kuna mazishi Bokoli.

"Nani ametuacha?"

"Shangazi yangu."

"Pole sana, mwanangu. Vaa vizuri. Siku kama hiyo watu hukuangalia."

Ukumbi ulijaa. Mzee Walubengo, babake Nasike, alikaa mbele kabisa ndani ya suti iliyonunuliwa kwa ajili ya siku hiyo. Nyumbani mbuzi alikuwa ameshachinjwa. Mukhwana, kakake, alisimama kando akirekodi kila kitu. Mtahini wa nje alikuwa Daktari Jepkemboi kutoka Nairobi, mama mpole wa miwani, ambaye aliweka simu yake mezani kando ya gilasi ya maji na kumwomba Nasike asiwe na wasiwasi.

Nasike alizungumza dakika arobaini bila kutazama karatasi. Watu wakapiga makofi. Babake akapangusa macho.

Daktari Jepkemboi hakuuliza lolote kuhusu nyota. "Kazi hii ni yako peke yako?"

"Kila neno, Daktari."

"Hakuna aliyekusaidia?"

"Hakuna."

Daktari akafungua mkoba, akatoa kitabu chenye jalada jeusi lililochakaa pembeni. "Hii ni tasnifu ya miaka kumi na miwili iliyopita. Haikuchapishwa. Zilitolewa nakala mbili tu, ya mwandishi na ya msimamizi wake. Hebu tusomee ukurasa wa kwanza, kwa sauti."

Nasike akaanza kusoma. Alipofika sentensi ya pili hakuwa akisoma tena. Midomo yake ilikuwa ikitamka yenyewe maneno aliyoyajua kwa moyo. Alifunga kitabu kuangalia jalada. Mwandishi: J. Jepkemboi. Msimamizi: H. Gathii.

Mukhwana alikuwa bado anarekodi.

"Endelea. Makala yako ya kwanza nilimsomea Mwalimu, na tangu hapo kila Ijumaa kurasa chache za hicho kitabu," Daktari Jepkemboi alisema taratibu, akiisogeza ile simu karibu na Nasike. Ilikuwa hewani tangu asubuhi, na upande wa pili, huko Kitale, mzee mmoja akakohoa akingoja.