Kitambaa cha Seva

Kabla ya kuweka programu mpya ya kuhoji wateja, Kombo, fundi wa kompyuta, aliikagua seva ya ofisi ya maji. Aliikuta imechemka. Ilikuwa imefunikwa kitambaa cha kufuma chenye maua, kikaziba matundu yote ya hewa.

"Nani kaifunika hii?"

"Mimi," alisema Bi Mwanahawa, aliyezoea kuzunguka nyumba kwa nyumba akiuliza watu kama maji yanatoka. "Vumbi la hapa unalijua, mwanangu. Na nimeambiwa ndiyo inayonipokea kazi. Ningeiachaje uchi?"

Kombo alikuwa amejiandaa kugomba. Badala yake alikiondoa kitambaa taratibu, akampa. Feni ikavuma.

"Itawapigia watu hodi?"

"Hapana, mama. Itawatumia maswali kwenye simu."

"Bila hata salamu?"

Kombo akavuta kiti, akafungua maswali yaliyosubiri kuingizwa. Alilisogeza chini lile la kwanza, juu pakabaki nafasi tupu.

"Wewe huwa unaanzaje?"

Bi Mwanahawa akakikunja kitambaa, akajitengeneza mtandio, kisha akagonga meza polepole, kama aliyefika mlangoni kwa watu.