Kelele Nyuma ya Gari la Rémy

Kila mara gari lilipopita kwenye shimo, nyuma kuligonga, ko-ko-ko, na kila lilipogonga Espérance alitabasamu peke yake kwenye usukani. Si kawaida dereva kufurahia ugonjwa wa gari la tajiri wake.

Gari lilikuwa la Rémy, mnunuzi wa dhahabu: jeusi, refu, la chini, lisilo na springi za chuma kama magari ya watu wengine. Lilibebwa na mifuko ya hewa. Rémy alikuwa amekwenda Ariwara, angerudi kesho. Espérance alikuwa na siku moja tu.

Kazi ya kuliendesha gari hilo aliiomba miezi minne iliyopita, na aliiomba kwa sababu moja. Miaka sita nyuma, kule Kilo, mdogo wake Kamate alikuwa chini ya ardhi na wenzake wanne wakichimba. Mwenye shimo, yule ambaye wachimbaji humwita PDG, aliamuru miti ya kuegemeza itolewe ikatumike kwenye shimo jipya. Hakungoja watu watoke. Udongo ukashuka. Jioni hiyo hiyo PDG akatoroka, na maiti hata moja haikupatikana.

Akabadilisha jina, akabadilisha kazi, akanenepa, na watu wa Bunia wakaanza kumwamkia kwa heshima. Siku za mwizi ni arobaini, wanasema. Za huyu zilikuwa zimepita elfu mbili, na hakuna hata moja ambayo Espérance hakumchukia. Mchimbaji mmoja aliyekuwa nje ya shimo siku ile alikuwa amemnong'oneza jina jipya la PDG. Kilichobaki kilikuwa uhakika tu, maana hakutaka kumwonea mtu.

Alipofika gereji, haikuchukua muda Fundi Floribert alikuwa amekwisha kulala chini ya gari. Katika Bunia nzima ni yeye pekee aliyeyajua magari ya hewa. Ufundi huo, aliwaambia wateja, aliupata Kisangani alikozaliwa. Alipaka maji ya sabuni kwenye mifuko yote minne, akasubiri. Hakuna povu lililotoka.

"Hewa haitoke," alisema akijifuta mikono. "Ballon zote iko muzima. Inaliaka wakati gani?"

"Mu mashimo tu. Ikisimama, inanyamaza."

Espérance akachuchumaa karibu yake. "Fundi, na kama ballon inapasuka mu mutelemuko, patron anakaa nyuma, atapona?"

Floribert akamtazama, kisha akacheka mpaka tumbo likatikisika. "Eh, Mama! Unamuchukia patron wako hivi?"

"Niko na mutu mu roho, fundi."

"Basi angalia hapa." Akamwonyesha kwa kidole mahali mfuko wa nyuma ulipofungwa. "Ukilegeza hii, haitafika mbali. Lakini miye sikukwambia kitu."

"Na kama wengine wanakufa naye?"

"Mutu anakufaka, kazi inaendelea." Akapiga tairi kwa kiganja, kama mtu anayemsifu ng'ombe wake. "Ubaya wa hewa ni kupasuka bila kukwambia. Heri mbao. Mbao inaliaka mbele ya kuvunjika: kriii, kriii. Mwenye masikio anatoka."

Espérance akasogea karibu zaidi. 

"Mbao ya wapi, fundi?"

"Ya zamani, Mama. Mambo ya ujana." Floribert akainuka haraka. "Tuache ile. Kelele yako, nitaisikia vizuri nikiwa ndani. Miye naingia mu malle, weye unaendesha. Ndiyo namna tunatumikaka."

"Ndiyo namna balinielezea."

"Tupite wapi?"

"Rwambuzi," Espérance alisema. "Barabara ya kule iliharibika muzuri."

Floribert akajikunja ndani ya buti, taa ya simu mkononi, mguu mmoja ukisumbua kuingia kwa sababu ya kitambi. Espérance akafunga kifuniko juu yake. Akakibonyeza mara ya pili.

Aliendesha polepole, akiyachagua mashimo makubwa. Kwa hasira alisahau kuwajibu majirani waliompungia mkono. Alianza kumwomba Mungu msamaha kwa yale yatakayotokea, akaghairi katikati ya sala. Kamate hakupewa hata nafasi ya kusema Baba Yetu.

Alipofika Rwambuzi aliiacha barabara, akapita kwenye lango la mabati, akasimama katikati ya ua. Nyuma yake mtu akalifunga lango kwa komeo. Kutoka ndani ya buti, Floribert aligonga kwa furaha.

"Mama! Nimelipata! Haiko ballon! Ni boulon, nati ya kompresa ya hewa. Mutu aliilegeza makusudi!"

"Najua," Espérance akajibu. "Ni miye."

Akazima injini, akashuka. Chini ya paa la jiko wanawake watano wazee walisimama kutoka kwenye vigoda vyao, mama yake mwenyewe akiwa mbele, kila mmoja ameshika mchi wake wa kutwangia majani ya mhogo ya sombe. 

Espérance akafungua buti.

"Shuka, PDG," alisema. "Bamama ya batoto iko hapa."