Upande wa Mtaro

Gari la bingwa wa mbio za magari lilibingirika kwenye kona, likalala ubavu kando ya mtaro, juu ya mkono wa Heriel, msoma ramani wake. Watazamaji walikimbia kuliinua, kama wafanyavyo kila mwaka.

"Lisimamisheni kwenye magurudumu!" bingwa Semkiwa alifoka, damu ikimtoka puani. "Taji linaniponyoka!"

"Kaka, magurudumu yatauponda mkono wangu!" Heriel alilia. "Liangusheni mtaroni!"

"Likiingia mtaroni halitoki leo. Inueni! Mkono utatibiwa."

Mama Nakijwa, muuza maandazi, alimzaba kofi lililomyumbisha. "Utatibiwa na nani? Na wewe? Bingwa wa kuponda watu! Jamani, mtaroni!"

Wote wakasukuma. Semkiwa aliwapiga mateke, akamng'ata mmoja begani, kisha akaning'inia kwenye kioo cha pembeni, akilivuta gari peke yake. Likapinduka mtaroni kwa kishindo. Heriel akauchomoa mkono uliochunika, akaupakata kama mtoto mchanga.

Semkiwa alibaki barabarani, kioo kilichong'oka kikiwa mkononi mwake. Ndani ya kioo, vumbi la mpinzani wake lilikuwa likikaribia.