Siku ya Kwanza Bila Vyuma

Eufrasia alizing'oa mwenyewe nondo zilizombana nguruwe wake asigeuke, na sasa alichuchumaa kando akimtazama. Nguruwe alikuwa amezaa tisa juu ya majani ya migomba aliyoyabeba kwa mdomo asubuhi nzima.

"Akimlalia hata mmoja, mama Edina, vyuma vinarudi," mumewe alisema mlangoni pa banda, nyundo mkononi.

"Nyamaza, unamtia hofu."

"Nani, yeye au wewe?"

Nguruwe alikoroma taratibu, mara mbili, kama anayepiga hodi. Vitoto vinane vikatawanyika. Cha tisa kiliendelea kulala. Mama yao akakunja magoti ya mbele. Tumbo zito likaning'inia juu ya kile kitoto chekundu, naye akaganda hapo hapo, magoti yakitetemeka, pua ikinusa majani, ikikitafuta cha tisa.