Tone la Tambuu

Mume wangu, Baba Ibalari, alikuwa amepiga magoti matopeni, jicho lake usawa mmoja na maji yaliyomo kwenye bilauri ya kupimia mvua. Ukiyasoma umesimama, husema, yanakudanganya.

"Haya, tumewashinda?" nikamuuliza. Watu wa ng'ambo ya bonde walikwishapima mvua yao, wakatupigia simu kututambia.

"Subiri, mama. Sijasoma bado."

"Mimi hujawahi kunitazama hivyo tangu tuoane ukahamia kwa mama yangu."

"Maji yanatulia yakitazamwa. Wewe je?"

Nikaangua kicheko, nami nimemwinamia, tambuu niliyokuwa nikitafuna imejaa shavuni. Tone jekundu la mate likadondoka ndani ya bilauri. Likashuka taratibu kama uzi, kisha maji yote yakawa waridi.

Mvua ya jana hainyeshi tena.

"Katone tu hako," nikanong'ona. "Nani atajua?"

Akainama tena, akasoma.

"Tumewashinda," akasema. "Kwa kiduchu."

Akajipangusa vidole kwenye shati, akaandika namba daftarini, na kando yake: "Isihesabiwe. Ndani yake mna kicheko cha mke wangu."