Nguzo ya Mlangoni

Baada ya tetemeko kuitikisa shule, Injinia Nasra alibandua plasta ya nguzo ya mlangoni akatazama ringi zinazofunga nondo. Zilikaribiana kama inavyotakiwa, hazikuachana hata shibiri moja.

"Kazi safi, Fundi Kihampa. Nguzo zote ulizifunga hivi?"

Fundi Kihampa, aliyelijenga ghorofa hilo la shule ujanani, alitazama juu. Darasani huko juu watoto walikuwa wakiimba saba mara mbili, saba mara tatu. Enzi zile mkaguzi alikuwa haingii ndani. Alikagua nguzo ya mlangoni, akanywa chai, akaondoka. Mafundi wote walijua. Nguzo za nyuma zilifungwa kwa chuma kilichobaki.

Injinia alikuwa ameshatoa kalamu aandike kwamba jengo ni salama.

"Subiri kwanza, mwanangu. Hiyo niliifunga kwa ajili ya mkaguzi. Naomba nyundo."

Akampeleka kwenye nguzo ya nyuma, akaipiga mwenyewe. Ringi ya kwanza ikaonekana. Akaendelea kubandua kuelekea juu akiitafuta ringi inayofuata, akipima kwa shibiri. Shibiri moja. Shibiri mbili. Injinia akatupa kalamu, akakimbilia ngazi.

Watoto walikuwa wamefika saba mara tisa, na mkono wa fundi ulikuwa bado unapanda.